Huyu Kwenye Kioo ni Nani? Majibu ya Barua za Wasomaji

Tangu tulipozungumzia usafi wa chujio kwenye ukurasa huu, barua nyingi zinazonifikia ni za namna moja: "Mama, kuna vidudu kwenye tangi langu la samaki, nitumie dawa gani?" Leo nimechagua sita. Kabla sijazijibu nina ombi. Wengi mnaniandikia rangi na udogo wa mdudu, wachache mnaniambia anavyokwenda. Nilifanya kazi ya maabara miaka 31 kwenye hospitali za Kanda ya Ziwa, nikichungulia mkojo na choo cha watu, na mara nyingi mwendo ndio ulioniambia ninamtazama nani kabla sijahesabu miguu wala macho. Anateleza kama tone la mafuta? Anashtukashtuka? Anajinyonganyonga? Ameganda mahali pamoja?

Kwa hiyo fanya hivi. Zima pampu ya hewa, subiri robo saa maji yatulie. Weka karatasi nyeusi nyuma ya kioo, kisha mulika kwa tochi kutoka ubavuni. Ukishamwona, mvute kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, mweke kwenye kisosi cheupe chenye maji kidogo, na umpime kwa rula ya mwanafunzi. Ukiwa na kioo cha kukuzia, kiweke mbele ya kamera ya simu upige video ya nusu dakika. Video hiyo inanifaa kuliko picha kumi.

*Shikamoo Mama. Nina tangi la lita 60 lenye gapi. Mwezi uliopita niliona nyuzi nyeupe zimeshika kioo karibu na taa, hazizidi nusu ukucha, kila moja ina vinywele juu. Nikiigusa inajikunja inakuwa nukta. Nilidhani ni fangasi, nikazikwangua kwa kadi ya benki. Sasa zimejaa hadi kwenye majani, na vifaranga wa samaki wanapungua kila asubuhi. (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)*

Marahaba, mwanangu. Huyo si fangasi, ni mnyama, anaitwa haidra. Umemweleza vizuri mno, na hilo la kujikunja kuwa nukta limemaliza ubishi, maana fangasi haogopi kidole. Hivyo unavyoviita vinywele ni minyiri, kama ya pweza, na mdomo uko katikati yake. Kila mnyiri umepangwa vijifuko vyenye sumu ambavyo hufyatuka vinapoguswa. Ngozi yako na yangu havitoboi, ila kwa kifaranga aliyezaliwa leo hiyo ni hukumu. Haidra ni jamaa wa konyeza, yule wa baharini mwenye mwili laini kama rojo, ndiyo maana silaha zao zinafanana.

Jioni moja nilikaa na kioo cha kukuzia mbele ya tangi langu dogo la barazani, nikamwangalia mmoja. Alikuwa amejinyoosha kama sentimita moja na nusu, minyiri saba imelegea majini. Kidudu kimoja kikapita kikirukaruka, kikagusa mnyiri mmoja tu. Kikakakamaa pale pale. Mnyiri ule ukajifupisha polepole, miwili mingine ikaja kusaidia, na baada ya dakika chache nilikiona kile kidudu ndani ya mwili wa haidra, kivuli cheusi tumboni, maana mwili wake unapitisha mwanga. Sikula chakula cha jioni kwa wakati siku hiyo.

Sasa kosa lilikuwa ile kadi. Mwaka 1740 mwalimu mmoja Mswisi, Abraham Trembley, alikuwa akifundisha watoto wa bwana mkubwa karibu na The Hague, Uholanzi. Aliwakuta viumbe hawa kwenye maji ya mtaro, akashindwa kuamua kama ni mimea au wanyama, akamkata mmoja vipande viwili. Vipande vyote viwili vikaota upya, kila kimoja haidra mzima. Alichapisha habari hizo mwaka 1744 na wataalamu wa Ulaya wakashangaa. Wewe umefanya jaribio lilelile kwa kadi ya benki, mara nyingi zaidi yake, na matokeo unayaona.

Usikwangue tena. Mnyonye mmoja mmoja kwa bomba la sindano, ukianzia shinani alipojishikiza. Hamisha vifaranga kwenye chombo kingine kisicho na majani yaliyotoka tangi hilo. Punguza chakula, hasa kama unawapa vifaranga vile vijidudu hai vinavyoanguliwa kwa maji ya chumvi, kwa sababu haidra naye ananenepa kwa hivyohivyo. Samaki aina ya gurami, mmoja au wawili, watakusaidia, wengi wao humla haidra. Dawa ya minyoo iitwayo fenbendazoli humuua kweli, lakini ile ya duka la mifugo imepimwa kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe, na baadhi ya konokono wa tangi hufa nayo. Usikisie kipimo. Kama hujapata mtu wa kukupimia, tumia bomba la sindano na subira.

*Habari yako Mama. Binti yangu aliona vidoti vyeupe vikirukaruka kwenye akwariamu yetu. Akatafuta, akaambiwa ni saiklopi na kwamba ndio wanaoleta mnyoo wa Gini. Tumemwaga maji yote, tumeua samaki wawili kwa haraka hiyo, na sasa hataki hata kunywa maji ya mfereji. Je, tuko salama? (Mzazi, Nairobi)*

Salama kabisa, na pole kwa samaki. Mwambie binti yako kwamba amemtambua mdudu sawasawa, hilo apongezwe kwanza. Saiklopi ana jicho moja tu katikati ya kichwa, hana hata milimita mbili, anakwenda kwa mishtuko: anasimama, anaruka, anasimama. Jike mwenye mayai hamkosei mtu, kwa sababu hubeba vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa mkia, kama punda aliyetwishwa shogi.

Na aliyoyasoma kuhusu mnyoo wa Gini pia ni kweli, isipokuwa hayahusu tangi lenu. Mnyoo huyo kwa kawaida anahitaji watu wawili na maji baina yao. Mtu wa kwanza mwenye mnyoo mguuni anaingia kisimani au bwawani, mnyoo unatoa watoto wake majini, saiklopi wanawala. Mtu wa pili anakunywa maji hayo bila kuyachuja. Saiklopi anayeyuka tumboni, mtoto wa mnyoo anabaki, anakua karibu mwaka mzima, kisha jike mwenye urefu unaoweza kufika mita moja anatokeza kwenye ngozi, mara nyingi mguuni. Pasipo mguu wenye mnyoo, saiklopi hana cha kukupa. Katika tangi la sebuleni Nairobi mguu huo haupo.

Ugonjwa huu ulikadiriwa kuwapata watu milioni 3.5 mwaka 1986. Mwaka 2024 waliopatikana dunia nzima hawakufika 20. Hakuna chanjo wala dawa iliyoleta hilo, ni vitambaa vya kuchujia maji, kuwazuia wagonjwa wasiingie visimani, na watu wa vijijini waliozunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza. Uganda ilithibitishwa haina mnyoo huo mwaka 2009, Kenya mwaka 2018, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Mpe binti yako habari hiyo pamoja na glasi ya maji.

Jaza tangi upya. Saiklopi watarudi, na samaki wadogo watawafurahia.

*Mama, nikisafisha changarawe minyoo myeupe myembamba inaruka juu kama nywele. Wengine wananiambia ni planaria, wengine ruba. Naogopa kutia mkono. (Kijana wa Arusha)*

Tazama mwendo, mwanangu. Wanaojinyonganyonga majini kama herufi S ni minyoo ya matope. Hawadhuru samaki wala mkono, wanakula mabaki. Wakionekana kwa wingi wanakuambia kuwa unalisha kupita kiasi au changarawe haijafyonzwa siku nyingi. Wape samaki kile wanachomaliza kwa dakika mbili, na kila wiki vuta uchafu wa chini kwa mpira.

Planaria hanyongeki. Anateleza juu ya kioo bila kuonyesha juhudi yoyote, mwili bapa, kichwa cha pembe tatu, macho mawili yaliyokaa kama yanatazamana. Ukimkuta huyo, weka kipande kidogo cha nyama ndani ya kichupa chenye matundu, kiache chini usiku, asubuhi kitoe na waliomo. Usimkate, kwa sababu naye huota upya. Ruba ana kinywa cha kufyonzea mbele na kishikizo nyuma, hutembea kwa kujipinda upinde: anashika mbele, anavuta nyuma. Ukiona vitu kama punje za ufuta zinazokimbia chini, hao ni jamaa wa kamba wenye magamba mawili, waache.

*Shikamoo Mama. Kijana wangu wa miaka 12 alianza kufuga samaki wadogo kwenye tangi sebuleni. Wiki tatu zilizopita alileta majani na konokono kutoka mfereji ulio karibu na majaruba ya mpunga. Wapo bapa kama vifungo vya shati, na wapo waliochongoka. Wametaga utandoutando wa mayai kwenye kioo. Jirani anasema hao ni konokono wa kichocho. Mtoto anatia mikono humo kila siku. Niwamwage ziwani? (Baba wa watoto watatu, Mwanza)*

Marahaba, baba. Barua yako niliisoma saa tano usiku na sikuiacha hadi nilipomaliza kuandika jibu. Neno la kwanza: usiwamwage ziwani, wala kwenye mfereji. La pili: kuanzia leo mtoto asitie mkono humo. La tatu: usimchape. Mtoto aliyejali majani na konokono hajafanya kosa, hakuambiwa tu.

Nikueleze kwa nini nazungumza kwa ukali huu. Nikiwa kijana kazini aliletwa mvulana wa kama miaka tisa, mkojo wake mwekundu ndani ya kichupa. Mama yake alikuja kwa sababu ya homa, si kwa mkojo. Aliniambia wavulana wote pale kwao hukojoa hivyo wakianza kukua, wanadhani ni ukubwa unaingia. Nilitazama tone la mkojo ule. Mayai yalikuwa mengi kiasi kwamba sikuhitaji kuyatafuta: umbo kama mbegu ya tikiti, na mwiba mmoja mkali kwenye ncha. Hicho ni kichocho cha kibofu. Cha tumbo, ambacho ndicho kinachotawala ufukweni mwa Ziwa Victoria, mayai yake mwiba uko ubavuni, kama mwiba wa waridi, na huonekana kwenye choo. Ni miiba hiyo inayochana kibofu na utumbo, mwaka baada ya mwaka, kwa minyoo iliyokaa ndani ya mishipa ya damu.

Siku ile nilifanya jambo ambalo wafundishaji wangu walikuwa wamelieleza kwa maneno tu. Niliongeza maji safi kwenye tone, nikasubiri chini ya mwanga. Ndani ya yai kitu kikaanza kutikisika. Ganda likapasuka, kikatoka kidudu chenye vinyweleo mwili mzima, kikaogelea moja kwa moja kikakipita kioo changu kutoka upande hadi upande. Kilikuwa kinamtafuta konokono. Kina saa chache tu za kuishi asipompata.

Akimpata, anaingia mwilini mwake, na kwa wiki nne hadi sita anazaliana humo. Kisha konokono huanza kumwaga majini maelfu ya vijidudu vyenye mkia uliogawanyika kama panda ya manati, hasa mchana jua likiwa kali. Hivyo ndivyo vinavyotoboa ngozi ya binadamu, kwa dakika chache, bila jeraha. Visipompata mtu, navyo hufa ndani ya siku mbili hivi.

Sasa tuwatazame konokono wako. Usiwashike kwa vidole, tumia kijiko kirefu na glavu za mpira. Kwanza angalia kama ana kifuniko, kile kibamba kigumu kinachoziba mlango anapojirudisha ndani. Konokono wa kichocho wa kwetu Afrika hawana kifuniko. Kwa hiyo yule mwembamba mrefu kama koni, anayejizika mchangani mchana na kutoka usiku, mwenye kifuniko, si wa kichocho. Pili, kwa waliochongoka, mwelekeze ncha juu na mlango ukutazame wewe. Mlango ukiwa upande wako wa kushoto, na kifuniko hakuna, anaweza kuwa Bulinus, ambaye hubeba kichocho cha kibofu. Tatu, wale bapa kama kifungo wanaweza kuwa Biomphalaria, ambaye hubeba cha tumbo.

Nimesema "wanaweza" kwa makusudi. Wapo konokono wa madukani, wasio na hatia yoyote, walio bapa vilevile, na wengine wadogo wenye mlango wa kushoto vilevile. Kwa macho ya nyumbani huwezi kuwatenganisha, na hata mimi nisingethubutu kumhukumu kwa picha ya simu. Lakini wako wametoka kwenye mfereji wa majaruba ya Mwanza. Historia yao inatosha, wahesabu kuwa ndio.

Fanya hivi leo. Vaa glavu ndefu. Samaki wahamishe kwa wavu kwenye ndoo ya maji ya bomba yaliyolala usiku mzima klorini itoke. Konokono na majani yote tia kwenye beseni, yamwagie maji yanayochemka, kisha yafukie mbali na mtaro. Maji ya tangi yaache palepale siku tatu bila kuguswa, kisha yamwage kwenye udongo mkavu unaopigwa na jua. Kwangua mayai ya kwenye kioo, osha mchanga kwa maji yanayochemka, anika tangi juani hadi likauke kabisa. Nikutulize kwa jambo moja: konokono anayeanguliwa ndani ya tangi lako hazaliwi na kichocho. Anakipata kutoka kwa yai la mkojo au choo cha mtu. Hatari yote iko kwa wale wakubwa waliotoka mferejini, na waliofika nyumbani wakiwa tayari wamebeba wanaweza kumwaga vijidudu kwa wiki nyingi.

Kuhusu kijana: mpeleke kituo cha afya, mtaje tarehe aliyoanza kutia mikono. Usiseme tu "anaumwa tumbo". Tarehe ina kazi, kwa sababu mayai hayaonekani mara moja. Huchukua mwezi mmoja na nusu hadi miwili, wakati mwingine zaidi, na dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa kuliko michanga. Akipimwa wiki hii na kuambiwa hana, majibu hayo hayatoshi, arudi tena kwa tarehe watakayompangia. Kama amewahi kupata vipele vya kuwasha kwenye mikono baada ya kusafisha tangi, liseme hilo pia. Na kama anacheza kwenye majaruba yale, kama walivyo watoto wengi wa huko, basi tangi si mlango pekee, naye apimwe kwa sababu hiyo vilevile. Nduguze wanaomfuata huko waende naye.

Kwa nini nakataza kuwamwaga ziwani hata kama ndiko walikotoka? Wale wa mferejini ni wa huko, lakini tangi lina mchanganyiko: majani ya dukani, vidudu vya dukani, samaki ambao hawajawahi kuona ziwa. Gugu maji, hilo linalofunga njia za mitumbwi yenu, ni ua la mapambo kutoka Amerika Kusini. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na wewe wa Mwanza huhitaji mimi nikueleze yaliyofuata. Cha tangini hakiendi ziwani.

Kijana akitaka kuendelea, na natumaini ataendelea, mnunulie majani yaliyooteshwa kwenye matangi, ayatenge kwenye ndoo wiki mbili kabla ya kuyaingiza. Baada ya hapo aniandikie yeye mwenyewe.

*Salaam aleikum Bi. Mkubwa. Nilikata yungiyungi kwenye bwawa la rafiki yangu nikalipanda kwenye tangi la gapi. Baada ya mwezi vitoto vyote vimekwisha, na leo nimeona kwenye jani kidude cha kijivu, miguu sita, mkia una vitu vitatu kama vijani. Kimesimama tu, hakina haraka. (Msomaji wa Mombasa)*

Waaleikum salaam. Umempata aliyewala. Huyo ni mtoto wa jamaa ya kereng'ende, wale wembamba wanaokunja mbawa mgongoni wakitua. Vijani vitatu vya mkiani ni matamvua yake ya kupumulia. Mama yake alitoboa kikonyo cha yungiyungi akataga ndani, kwa hiyo hata ungeliosha jani usingeyaona mayai.

Kutokuwa na haraka ndiko kuwinda kwake. Chini ya kidevu amekunja taya refu lenye makucha mwishoni, limefunika uso kama barakoa. Kitoto cha gapi kikikaribia, taya hilo linafyatuka mbele na kurudi haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Nilimlea mmoja kwenye gilasi ili nimwone akifanya hivyo. Kila nilipomletea kiluwiluwi cha mbu niliona viwili tu: kiluwiluwi kipo, kisha kiluwiluwi kiko mdomoni.

Usimuue tafadhali. Mtoe kwa wavu, kagua kila kikonyo usiku kwa tochi maana hawi peke yake, kisha warudishe kwenye bwawa lilelile la rafiki yako. Ni wazaliwa wa pale, na viluwiluwi vya mbu vya bwawa lile ndivyo chakula chao. Wakiota mbawa wataendelea kula mbu hewani. Rafiki yako atashukuru.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu Kigoma. Wanafunzi walichota maji ya ziwa kwenye chupa pana ili tutazame dagaa wachanga. Ndani yake tumekuta kitu kama kitufe cha kioo, kipana kama sentimita mbili, kinajifunga na kujifungua. Kitabu kinasema konyeza ni wa baharini. Niwaambie nini watoto? (Mwalimu)*

Marahaba, mwalimu. Waambie wameona konyeza, na kwamba kitabu kimesahau ziwa lao. Anaitwa Limnocnida tanganyicae, jina la ziwa lenyewe limo ndani ya jina lake. Wataalamu walianza kumwandika miaka ya 1880, na alivyowashangaza wageni si kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 mtafiti Mwingereza, J.E.S. Moore, alikuja Tanganyika kwa ajili ya viumbe kama huyo. Alipoona konyeza, na konokono wenye magamba kama ya pwani, akahitimisha kuwa ziwa hili liliwahi kuungana na bahari. Baadaye ilionekana sivyo. Ziwa lilizaliwa bara, kwenye Bonde la Ufa, na viumbe wake walikua hivyo humo humo kwa mamilioni ya miaka. Wavuvi wenu wa dagaa humwona mara nyingi kwenye nyavu zao, waulizeni wanamwitaje, kisha niandikie jina hilo. Ningependa sana kulijua.

Hadhuru mkono. Wape watoto kila mmoja zamu ya kumtazama kwa kioo cha kukuzia: ukingoni ataona minyiri mingi mifupi, na katikati mdomo mpana wa duara. Wamchore, wahesabu anajifunga mara ngapi kwa dakika. Chupa haitamweka hai, maji yakipata joto analegea na kuzama. Kwa hiyo asilale darasani. Arudi ziwani palepale mlipomchota, leo hii, kabla ya jua la saa sita.